Swali la Kua na Dirisha la Bi Kidawa

Habari hii watu wa Juani wanaisimulia vizuri kuliko mimi, tena kwa vitendo, lakini wao huanzia pale nilipokwama dirishani, na hiyo si haki, kwa sababu mtu hafiki dirishani hivihivi. Acheni leo niiseme mwenyewe tangu mwanzo, aibu yangu niibebe kwa mikono yangu.

Mnanijua. Nauza chaji na kava za simu pale Kilindoni, na mteja akisubiri nimbadilishie kioo humweleza habari za sayari, sheria za ardhi na miungu ya Wagiriki (hajaniuliza), mpaka jina langu la Shomari likafa nikabaki Profesa. Elimu yenyewe nimeiokota redioni na kwenye simu, na sikuwa mtu wa kujisifu hata kidogo. Haya, nilikuwa.

Basi rafiki yangu Bakari akapata mchumba kisiwa cha jirani, Juani, Mwalimu Hadia, akanichagua niwe mpambe wake. Ukoo wa Hadia una kawaida yao: mlango wa nyumba hufungwa kabla ya nikaha, bibi wa bi harusi anakaa nyuma yake na wanawake wenzake, na upande wa mume hauingii mpaka upitishe bahasha. Bahasha ilikuwa mfukoni mwangu tayari. Kazi yangu nzima siku ile ilikuwa kuinama, kuisukuma chini ya mlango, na kuinuka.

Lakini kuna Mzee Kombo, baba mdogo wa Bakari, aliyesimama badala ya baba yake marehemu. Watu wa ukoo wao asili yao Kisimani, upande wetu wa Kilindoni, na Mzee Kombo tangu mwanzo hakuipenda ndoa hii ya kuvuka maji, alitaka kijana aoe karibu. Alikuja, kwa maneno yake, "kwa ajili ya kaka yangu tu". Kwenye boti Bakari aliniinamia sikioni akasema, "Shomari, leo nakuomba. Mzee akikasirika akaondoka, mimi sioi." Nikamwambia aniachie mimi. Kweli akaniachia.

Tukafika mlangoni, nikabisha, nikamsalimu bibi yake Hadia. "Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bahasha iko wapi?"

Sasa mimi nilikuwa nimesikia kwamba Hadia huwafundisha watoto wa shule chemsha bongo, na nikajua pale ndani amekaa mtu wa kuniuliza. Mate yakanijaa. Nikasema, "Bibi, bahasha ni ya wasiojua kitu. Sisi tuulizeni maswali. Tukikosa hata moja, tunatoa bahasha mbili." (Bahasha ya pili haikuwepo duniani.) Bakari alinivuta kanzu kwa nyuma, nikaitoa mikono yake.

Ndani wakacheka, kisha nikasikia sauti ya Hadia ikinong'ona na Bi Kidawa akiyapokea maswali na kuyatupa nje. Mahari ni mali ya nani kisheria? Ya mke mwenyewe, nikajibu, si ya baba wala ya mjomba, na vigelegele vikapigwa. Nyota gani ya magharibi jioni ambayo si nyota? Zuhura, nikasema, ni sayari, na nikaongeza kwamba ina joto kuliko tanuri (hakuna aliyehitaji). Shairi la mishororo minne kila ubeti? Tarbia. Wahenga walisema mwezi ukipatwa umefanywa nini? Umemezwa na joka, na watu hupiga masufuria litapike. Hapo hata Mzee Kombo alitabasamu upande mmoja wa mdomo, nami nikaanza kuelea.

"La mwisho," akasema Bi Kidawa. "Waliouvamia mji wetu wa Kua walitoka wapi?"

"Bukini, bibi. Siku hizi wanasema Madagaska."

Mlango ukafunguka. Tukaingia kwa vifijo, wanaume tukakalishwa chumba cha wageni na halua na kahawa, wenyeji upande huu na sisi upande ule, tukimngoja sheikh. Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini Bi Kidawa alikuja mwenyewe kunipongeza, na mimi, kikombe mkononi, nikasema, "Bibi, lile la Bukini ni la watoto. Kua ina habari kubwa kuliko hiyo."

Kila mtu wa Mafia anaijua hadithi niliyoitoa, na ndiyo sababu hakuna mtu anayeitoa harusini. Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, na siku ya kulishusha majini wakawalaza watoto wa Kua mchangani, jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza miaka, kisha wakawaalika Kisimani kwenye harusi. Wakawaweka chumbani na vyakula vizuri, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, mpaka wakabaki wageni peke yao. Kisha mlango ukazibwa kwa mawe, na hawakuonekana tena. Nilisimulia vizuri, nakwambieni, mpaka mikono nikaitumia.

Nilipomaliza ndipo nikatazama nilipo. Niko Juani, kisiwa cha hao hao watu wa Kua, harusini, chumbani, nimekaa na watu wa Kisimani. Mzee Kombo alikuwa amerudisha kipande cha halua kwenye sahani.

"Umemaliza, mjukuu wangu?" akauliza Bi Kidawa.

"Nimemaliza, bibi."

"Umesimulia vizuri." Akainuka taratibu, akatoka.

Baada yake mjomba wa Hadia akasema anaenda kumwangalia sheikh. Mwingine akakumbuka kuna mbuzi hajafungwa. Mwingine hakusema kitu, alijikohoza tu akaenda. Nikawatazama wakitoka mmoja mmoja, na mimi peke yangu pale ndani nilikuwa mtaalamu wa jambo hilo. Tulipobaki wageni watupu mlango ukarudishwa, na komeo likalia kwa nje.

Utani, najua. Sasa hivi najua. Lakini Mzee Kombo alisimama, uso umebadilika, akasema polepole, "Bakari, nitafutie viatu vyangu. Mlango huu ukifunguliwa tu, tunarudi kwetu." Bakari hakunigombeza. Alinitazama tu, macho yamelowa, na pale ndipo nilipoumia kweli, maana mwenzangu alikuwa amejinyima miaka kwa ajili ya siku ile, na mimi nimeivunja kwa ulimi wangu.

Nikaamua nirekebishe (msiniruhusu kamwe kurekebisha kitu). Kulikuwa na dirisha la mbao, halina nondo. Nikasema nitatoka, nimpigie magoti Bi Kidawa afungue kabla hasira ya mzee haijakomaa. Kichwa kikapita, mabega yakapita kwa ubishi, tumbo likakataa. Nikajaribu kurudi, na kanzu ikawa imenaswa kwenye kulabu ya dirisha, kila nikirudi inapanda juu.

Mbele yangu, uani, wanawake wote wa Juani wamekaa mikekani wakinitazama. Dirisha la pili likafunguka, Hadia akatoa kichwa, hina mikononi, na akaniuliza kwa sauti ile ya darasani, "Profesa, umepotea?"

"Hapana, mwalimu. Natafuta mlango."

Bi Kidawa akasogea mpaka chini ya pua yangu. "Swali la nyongeza. Wale waliofungiwa Kua, kuna aliyepita dirishani?"

"Hakuna, bibi."

"Basi na wewe rudi ndani."

Uani pakapasuka kwa vicheko. Kumbe huko nyuma kanzu ilikuwa imefika kiunoni, na mimi kwa sababu ya joto nilivaa ndani bukta yangu ya mpira, yenye namba tisa kubwa kwenye kalio. Nikasikia sauti ya Mzee Kombo, kavu kabisa: "Namba tisa, umeotea." Halafu mzee akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akakaa chini, akavua kiatu alichokwisha kuvaa.

Bi Kidawa alifungua mlango mwenyewe. "Shikamoo, mama," akasema Mzee Kombo huku akijifuta macho.

"Marahaba, baba. Umekasirika?"

"Nilikasirika. Mwenyewe nimesahau kwa nini."

Sheikh alifika akakuta wajomba wa pande zote mbili wamenishika miguu, wanavuta pamoja, kanzu ikabaki kwenye kulabu. Bakari alioa alasiri ile ile, mbele ya mpambe aliyevaa shuka ya kuazima.

Tangu siku hiyo bahasha naisukuma chini ya mlango nanyamaza. Juzi tulikuwa Juani kwenye arobaini ya kuzaliwa binti wa Bakari na Hadia, chumba kilekile, na Bi Kidawa akanisogezea kahawa mbele ya watu wote. "Profesa, hebu tuambie habari za Kua."

"Bibi," nikasema, "mimi sijui kitu."

Mzee Kombo akainuka, akaenda kufungua dirisha.