Jumatatu Binti Yangu Atasimama Kortini kwa Jina la Mama Yangu

Admin, nifichie jina. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tano, mwalimu mstaafu, naishi Nyeri mjini katika nyumba ya kukodi. Hata leo mtu akiniuliza kwetu ni wapi, hunichukua muda kujibu.

Nilizaliwa msituni, juu ya Mweiga. Wazazi wangu walipanda miche ya serikali, na katikati ya mistari wakaruhusiwa kulima viazi. Miaka michache baada ya uhuru tukaambiwa tutoke. Bendera ilikuwa yetu, na askari waliochoma nyumba walimwita mama yangu "mama" huku wakimshika mkono kumtoa. Alipofariki tulimzika makaburi ya umma, kwa kuwa hatukuwa na shamba.

Nilichelewa kuoa, sikuwa na pa kumpeleka mke. Nilijaliwa binti mmoja, na kwa desturi yetu akapewa jina la mama yangu. Ndiyo maana namwita Mama, naye akitaka kunitania huniita kijana wake.

Alipokuwa akisomea uanasheria alibobea katika sheria ya mazingira na maliasili. "Wenzangu wananicheka, Baba," aliniambia. "Ati miti hailipi wakili." Mimi nilidhani amechagua kwa ajili yetu. Nilidhani siku moja atasema mbele ya jaji kwamba nyanya yake hakuwa mwizi wa msitu. Nikamsimulia yote, hata mahali nilipojifunza kuogelea.

Sasa ameajiriwa. Kesi yake ya kwanza ni ya watu waliorudi kulima msitu uleule. Yeye yuko upande unaotaka watolewe.

"Mama, hao ni sisi," nilimwambia.

"Najua ni sisi. Lakini ule mto wenye uliogelea, nimeuvuka juzi na viatu, na hazikulowa. Niambie kama nadanganya."

Hadanganyi. Nimesoma vya kutosha kulijua hilo.

Mke wangu alikuwa akimenya viazi. "Mzee, mwache mtoto afanye kazi. Ama ulitaka asomee kusuka nywele?"

Hatujagombana. Sina hasira, na uchungu nimeutafuta sijauona. Nakula, nalala, nasoma gazeti hadi ukurasa wa mwisho, kisha sikumbuki nilichosoma.

Jumapili atakuja nimbariki. Kwetu mzazi humtemea mtoto mate kidogo kifuani na kumtakia mema, na amesema hawezi kuingia kortini bila hiyo. Kesho yake atasimama, ajitaje kwa jina la mama yangu, aombe watu waondolewe msituni.

Nikimbariki, nimekubali mama yangu alistahili kutolewa. Nikimnyima, nitakuwa nimemfukuza tena, safari hii mimi mwenyewe, mlangoni pangu.

Nyinyi mliolea watoto, semeni nami kabla ya Jumapili. Akipiga magoti mbele yangu, nifanye nini?