Fundi Wangu wa Mangateen

Jamani, niacheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana najua hii stori mmeshaisikia nusunusu huko mtaani Gudele, kila mtu ameongeza chumvi yake, na mimi mwenye aibu ndiye sijaulizwa. Ni kweli nililala chini ya gari na shati la kanisa siku ya kwenda ukweni. Ni kweli pia nilidanganya. Ile ya kwamba nililia ni uongo, au tuseme ilikuwa vumbi.

Yote yalianza na Mzee Lado, baba yake Keji, mchumba wangu. Huyu mzee amezeekea kwenye malori ya Kampala na Juba, Kiswahili chake ni cha barabarani, na masikio yake yanalijua gari kabla halijakata kona. Siku moja nikamrudisha Keji kwao Nyakuron na kagari kangu (saluni ya zamani, umri wake tunauheshimu kwa kutoutaja), na kila shimo tulilopita mbele kunagonga ko! ko! halafu kunalia kwiii. Mzee akatoka getini, salamu hakunipa, akainama akasikiliza, kisha akasema, "Kijana, gari yako iko nalia. Mutu hasikii gari yake, bibi yake akilia atasikia?"

Keji alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nampenda yule mwanamke, nasema wazi, na zilikuwa zimebaki wiki mbili tu baba yangu mdogo, Modi, aende kuniombea ruhusa ya kumwoa, na ruhusa yenyewe iko kwa mzee anayenipima kwa kelele za gari!

Tatizo lilikuwa bushi. Ni vile viduara vya raba vyenye chuma katikati, vinakaa kwenye viungo vya ile mikono inayoshika magurudumu ya mbele, na zangu zilikuwa zimechanika mpaka kidole kinapita. Mtu mwenye akili zake angemwita fundi. Lakini mimi kazi yangu ni kutengeneza simu, na sisi watu wa simu tuna ugonjwa wetu, tukishashika bisibisi tunaona dunia nzima inafunguka. Nikajiambia, kama nafungua vidude vya ndani ya simu ambavyo hata macho hayavioni vizuri, gari kubwa hivi litanishinda wapi? Tena nikajiona nimesimama mbele ya mkwe nasema, "Baba, nimezibadilisha kwa mikono yangu." Hiyo picha ndiyo iliyoniponza.

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya kwenda ukweni, nikapiga jeki, nikaweka magogo, nikatoa ile mikono, nikagonga bushi za zamani zikatoka, mpya nikazipaka maji ya sabuni nikazibana kwenye jiliwa la jirani, zikaingia vizuri mpaka nikajipigia makofi peke yangu uani. Nikarudisha kila kitu, na gari likiwa bado juu, magurudumu yananing'inia hewani, nikakaza nati zote kwa nguvu za mtu anayetaka mke. (Hapo kwenye magurudumu kuning'inia pashikeni, tutapahitaji.) Nilipolishusha, gari likabaki limeinua pua kama mtu aliyesikia harufu ya nyama kwa jirani. Nikasema aa, si ndiyo upya wenyewe.

Jumamosi mchana tukatoka, mimi na baba mdogo Modi ndani ya suti yake, wazee wengine nyuma yetu kwenye raksha mbili, zile bajaji za magurudumu matatu. Mwanzo kimya kabisa, baba mdogo akalisifu gari, nami nikaanza kuzungumza kama profesa. Tukaingia kwenye mashimo. Nikasikia kitu kinachanika chini, twaa! Nikaongeza sauti ya redio. Mbele kidogo, twaa! nyingine, na usukani ukaanza kuvuta kushoto.

Kina mama wa kwao Keji walikuwa wamejipanga getini, na walipotuona tu wakapiga vigelegele, na gari langu likawajibu. Kwiiiiii! Lililia kwa sauti ambayo kilio cha zamani hakikuwahi kuifikia, vigelegele vikakatika, nikakanyaga breki, gari likavuta kushoto likagonga nguzo ya turubai, na turubai likashuka polepole, kwa adabu kabisa, juu ya wazee wote waliokuwa wamekaa wakitusubiri. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Lakini kuwaona wazee wa watu wakitoka chini ya turubai mmoja mmoja wakitafuta kofia zao, wallahi nilitamani ardhi inimeze na suti ya baba mdogo pia.

Mzee Lado akaja moja kwa moja kwenye gurudumu, akachungulia. "Hii bushi nani aliweka?"

Hapo ndipo ningesema ni mimi, yakaisha. Badala yake mdomo ukafunguka wenyewe. "Fundi, baba. Fundi mmoja wa Mangateen."

"Jina yake nani?"

"Taban," nikasema, jina la kwanza lililonijia, na kwa sababu uongo ukishaanza hautosheki, nikamwongezea kovu shavuni na nikamfanya achechemee kidogo.

"Huyo namjua!" akapaza sauti kaka mkubwa wa Keji. "Anakaa karibu na bomba la maji!"

Baba mdogo Modi naye, mtu wangu mwenyewe, akapandisha hasira: "Ametuaibisha ukweni! Aletwe hapa hapa!" Kaka zake Keji wawili wakawasha pikipiki. Kumbe mtaani Mangateen kuna mtu wa watu, labda anakunywa chai yake, ana kovu na anachechemea, na anakwenda kuburutwa kwa kazi ambayo hajawahi kuiona!

Wakati huo mzee ameshavua koti, vijana wamesukuma gari magurudumu ya mbele yakapanda juu ya mbao, naye ameshajilaza chini na spana. Nikamwangalia Keji. Hakuwa anacheka. Nikajitupa chini nikatambaa na shati langu jeupe mpaka nikawa bega kwa bega na mkwe.

"Baba," nikasema, "hakuna Taban. Ni mimi."

Akashusha spana. Pikipiki inanguruma nje. "Wewe nakaza nati gari iko juu?"

"Ndiyo, baba."

"Hiyo raba inajisokota. Gari ikishuka, inachanika. Nati ya mwisho unakaza kama gari imesimama na uzito yake." Akageuza uso, tukawa pua kwa pua. "Mimi nilifanya hivi na lori ya tajiri wangu. Nikasema turnboy, kijana wa kunisaidia kwa lori, ndiye. Akafukuzwa. Mpaka leo sijui iko wapi."

Hapo ndipo lile vumbi likaniingia machoni.

Mzee akatambaa nje, akajipangusa magoti, akawapigia kaka zake Keji kelele: "Zima pikipiki! Fundi amepatikana. Iko chini ya gari. Mumupe chakula!"

Jamani kicheko! Hata wale wazee wa turubai walicheka. Tulinawa mikono beseni moja, mimi na yeye, maji yakawa meusi tii, na baada ya kula akamwita Keji mbele ya wote akamuuliza, "Ni huyu?" Keji akaliangalia shati langu, akasema, "Ni huyu huyu, baba." Mzee akasema khalas, yeye hana neno.

Tulipoondoka alikuwa amezilegeza nati, akazikaza upya gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na ile bushi iliyochanika zaidi akaifunga kwa raba ya tyubu itufikishe nyumbani. Nikawasha, nikasogea kidogo. Akaniinulia mkono nisimame, akaja dirishani.

"Bado iko nalia kidogo. Unasikia?"

"Nasikia, baba."

"Basi. Jumamosi kuja na bushi mupya. Na hiyo shati acha nyumbani."

Harusi ni baada ya Pasaka, mmealikwa wote. Na tangu siku ile sikazi nati ya mwisho mpaka magurudumu yote manne yamekanyaga chini, na mtu akiuliza fundi ni nani, nainua mkono kabla hajamaliza kuuliza.