Kinyago cha Ignaz Murmann

Theophil Murmann alikuwa akivichapa vinyago vya kuvaa usoni kwa mnyororo. Alivipanga kwenye sakafu ya zizi, nyuso zikitazama juu, akavipiga mpaka pua zikapata makovu na mashavu yakachubuka. Baadaye angevifukiza kwa moshi wa matawi mabichi na kuvizika kwenye samadi, na siku ya kuvifukua vingekuwa na umri wa miaka mia. Mti wenyewe ulikuwa umekatwa mwaka jana.

Hakuna mtu katika bonde la Lötschental, kule kwenye milima ya theluji, aliyemwita mwongo, kwa kuwa maneno ya uongo hayakutoka kinywani mwake. Yalitoka kwa shemeji yake, Alfons Bellwald, aliyemwoa dada yake na kufungua duka la vitu vya ukumbusho karibu na kituo cha gari la waya lipandishalo watu mlimani. Wageni walishuka na mabegi yao, wakaingia dukani wakipangusa theluji viatuni, na wote walitaka kitu kimoja: kitu halisi. Kengele mpya hawakuitaka. Kinyago kipya, hata kikichongwa vizuri namna gani, walikigeuza mara moja na kukirudisha mezani.

“Hiki kimevaliwa kweli?” mama mmoja aliuliza.

“Mama, hiki kimewatia watu kiwewe tangu babu yangu hajaota ndevu,” Alfons alijibu. “Muulize huyo hapo.”

Theophil alikuwa ameketi pembeni na kisu chake na kipande cha ubao, kama sehemu ya mapambo ya duka. Yule mama alipomgeukia, alitikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa nako ni kusema. Hilo alilijua, akaendelea kuchonga.

Kinyago halisi kilikuwepo kimoja tu, nacho hakikuwa cha kuuza. Kilichongwa na babu yake, Ignaz Murmann. Meno yake yalikuwa ya ng'ombe, na shavu la kushoto lilipasuka zamani likazibwa kwa kipande cha bati. Bonde zima lilikijua. Kilipotokea kwenye kona ya uchochoro, watu walisema, “Murmann huyo,” wakakimbia wakicheka, maana wa nyumba hiyo walisifika kwa upole. Theophil mwenyewe alikivaa ujanani, na watoto walimfuata badala ya kumkimbia. Alikuwa sasa mtu wa miaka hamsini na kitu, mjane, mwenye ng'ombe wachache na jina safi. Jina hilo alilithamini kuliko ng'ombe.

Desturi yenyewe ni ya fujo. Wiki zile za kabla ya Kwaresima vijana wasiooa huvaa ngozi za mbuzi, hufunga kengele kiunoni, huficha nyuso, hushika watu njiani na kuwasugua theluji usoni. Lakini ni fujo yenye mipaka, na kila mtoto wa bonde anaijua mipaka hiyo kabla hajajua sala zake. Theluji, si barafu. Mzee huguswa shavu kwa glavu na kuachwa aende zake. Mlango wa mtu hauvukwi. Tena, aliyevaa kinyago hatajwi jina wala hafunuliwi uso, hata kama umemtambua kwa mwendo. Likishapita limepita.

Mwanzoni mwa Februari, Alfons alikuja zizini akipuliza vidole.

“Shemeji, nipe Ignaz nimweke dirishani. Mpaka Jumatano ya Majivu tu.”

“Akae humu humu.”

“Kwani nitamla? Nitamfungia nyuma ya kioo. Wageni wakimwona, watanunua hawa ndugu zake unaowazika mavini.”

Theophil akacheka, akampa. Hakuuliza zaidi. Miaka yote ile ya kutouliza ilikuwa imemzoesha.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, alasiri, alikuwa akikamua. Kengele zilikuwa zikilia vichochoroni tangu mchana, na vifijo pamoja nazo. Kisha akasikia sauti ya namna nyingine. Mwanamke alipiga yowe moja refu, yowe likakatika ghafla. Baada ya hapo vifijo vikanyamaza, kengele zikabaki.

Mlango wa zizi ulifunguliwa kwa teke. Alikuwa Meinrad Ebener, fundi wa mapaa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mikono yake ilikuwa na damu.

“Mama yangu umemfanyaje?”

“Nani? Mimi?”

Meinrad alimsogelea. Alimpiga ngumi ya mdomo, na Theophil alipoanguka chali juu ya ndoo, akampiga teke la mbavu. Maziwa yalimwagika yakachanganyika na mkojo wa ng'ombe.

“Amekokotwa kutoka mlangoni mwake! Mama wa miaka sabini na nane! Ametupwa ngazi nzima, na alipokuwa chini akasuguliwa uso kwa bonge la barafu mpaka ngozi ikatoka. Nyonga imevunjika, mfupa unaonekana!”

“Meinrad, sikutoka. Angalia, nakamua.”

“Sura yako ilitoka. Watu wote wameiona. Lile bati shavuni, yale meno. Utaniambia Ignaz alitembea peke yake?”

“Kiko kwa Alfons!”

“Basi kalete. Kama huwezi, kesho usinisalimie. Wala mtu yeyote hapa asikusalimie.”

Theophil alitoka mbio bila koti. Njiani alipita ngazi ya Bibi Kreszentia Ebener, mama yake Meinrad. Wanawake walikuwa wamempakia kizee wa watu kwenye sleji ya kuni, ile ya kuburutwa thelujini, wamemfunika blanketi, na theluji ya ngazini ilikuwa nyekundu kuanzia juu hadi chini. Walimwona akija. Mmoja wao, ambaye Theophil alikuwa baba wa ubatizo wa mtoto wake, alitema mate na kumgeuzia mgongo.

Dirisha la duka lilikuwa na msumari mtupu.

“Kiko wapi?”

Alfons alikuwa akifunga sanamu ya ng'ombe katika karatasi. Hakuinua macho. “Nimeuza.”

“Umeuza?”

“Kwa mgeni mmoja, daktari wa meno, Lievens, Mbelgiji. Vya kwako vyote alivikataa. Alivinusa, shemeji! Akasema, ‘Nataka kilichovaliwa.’ Ningefanyaje? Bei aliyotaja ungeitaja wewe?”

“Na ngozi? Na kengele?”

“Nimemwazima. Alitaka kukijaribu. Aliniuliza kama kuna sheria zozote, nikamwambia hakuna, jirushe tu, watu hapa wanapenda.” Hapo sauti ya Alfons ikapungua. “Nimesikia habari za yule bibi. Itapoa.”

“Twende ukawaambie.”

“Nikawaambie nini? Kwamba nimemvisha mgeni? Wataichoma hii nyumba, na dada yako ndani. Wewe watakusamehe. Una jina zuri.”

Theophil alimshika kola, akamgonga kichwa kwenye rafu mara mbili. Kengele ndogo za ukumbusho zikamwagika sakafuni zikilia. Akamwacha hapo akivuja damu puani, akatoka kumtafuta Lievens.

Alimkuta kwenye uchochoro ulio nyuma ya kanisa, katikati ya vijana wawili waliovaa vinyago na kundi la watu waliojibana ukutani. Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Yule mtu alikuwa akizungusha fimbo, akinguruma, akimfukuza binti mmoja aliyejishika mkono kana kwamba umeteguka. Vijana wa bonde walimtazama na hawakumgusa, kwa sababu walidhani ni mtu mzima wa kwao, na kwa sababu aliyevaa kinyago hafunuliwi.

“Vua!” Theophil alipaza sauti. “Vua hicho!”

Watu waliganda. Walimwona Theophil Murmann, uso wazi, mdomo umepasuka, amesimama mbele ya uso wa babu yake. Kama yeye yuko pale, ndani ya kinyago yuko nani? Swali hilo lilipita ukutani kutoka mtu hadi mtu. Hapo angeweza kutulia akawaacha wafikiri. Palikuwa na macho ya kutosha.

Lakini yule daktari alidhani ni mchezo. Alicheka ndani ya ule mti wa kinyago, akapiga magoti kidogo kama mpiga mieleka, akamchapa Theophil fimbo ya bega. Theophil akamrukia.

Alishika kingo za kinyago akavuta, ila mkanda ulikuwa umefungwa kwa fundo nyuma ya kisogo na haukuachia. Akampiga ngumi juu ya mti. Akampiga tena. Meno ya ng'ombe yalivunjika yakaingia ndani, na kicheko kikageuka kuwa ukelele katika lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Hapo kila mtu alikwisha kujua kwamba huyu si wa bonde. Theophil alimkalia kifua, akachukua jiwe la ukingo wa njia, akagonga. Mti ulipasuka pale penye bati. Kipande kimoja kikaanguka, na uso ukaonekana: mtu wa makamo, mweupe kama jibini, jicho limejaa damu, taya limekaa upande.

Meinrad Ebener alikuwa amefika. Alimshika bega.

“Inatosha, Theophil. Tumeona. Si wewe.”

Alisikia. Baadaye mahakamani aliulizwa kama alisikia, akasema ndiyo. Jina lake lilikuwa limerudi mkononi mwake, zima, mbele ya mashahidi wote aliowahitaji. Naye akainua jiwe, akampiga yule mtu mara tatu tena.

Lievens hakufa. Alipoteza jicho, na taya lake lilifungwa kwa waya hadi kiangazi. Kwa kumvunja Bibi Kreszentia nyonga alitozwa faini na kuamriwa kulipa hospitali. Alieleza kwamba aliambiwa hakuna sheria, na Alfons akaapa kwamba hakusema hivyo. Theophil alipewa miaka miwili. Siku ya hukumu, karani aliinua vile vipande viwili vya kinyago akauliza ni mali ya nani. Kisheria Alfons hakuwa na haki ya kuuza kitu cha kuazima, na wakili alimnong'oneza Theophil adai.

“Niliambiwa ni cha kweli,” Lievens alisema kupitia meno yaliyofungwa.

“Ni cha kweli,” Theophil alijibu. “Chukua.”

Theophil alipotoka kifungoni, Alfons alikuwa na maagizo mengi kuliko kawaida. Wageni walikuwa wakiuliza kama mchongaji ni yule yule aliyempiga mtu jiwe. Alimfuata zizini na habari hiyo, uso umejaa furaha. Theophil alifunga mlango kwa ndani na hakuchonga tena uso wowote. Akawa anatengeneza vigoda vya kukamulia, ambavyo hakuna mgeni aliyevitaka.

Bibi Kreszentia alikuwa akitembea kwa magongo mawili. Theophil alimpelekea maziwa asubuhi ya kwanza, akasimama chini ya zile ngazi na kofia mkononi.

“Bibi, nilitaka wajue si mimi niliyekuumiza.”

“Walijua,” alisema yule kizee. “Mwanangu alikwambia.”

“Ndiyo, bibi.”

“Yule mgeni hakujua anachofanya. Nimemkasirikia, ikapita. Wewe ulijua.”

Alinyoosha mkono, akapokea maziwa, akafunga mlango.