Mama Iko Ndani

Mama alifia hospitalini Bukavu, akarudi nyumbani kwa ndege ya mizigo. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, maboti yamesimamishwa, na rubani mmoja alikubali kumpakia kati ya magunia ya unga na makatoni ya sabuni. Katika simu yake ya mwisho aliniomba jambo moja tu: nisimwache njiani, nimlaze kijijini Lweba, karibu na mama yake.

Mimi nilimngojea mjini Baraka. Kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka na majina ya mitumbwi. Nilijifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza Kiswahili sanifu kwa kusikiliza redio za ng'ambo ya ziwa. Ni mtu wa wasiwasi. Herufi moja ikipinda, nafuta kibao kizima. Hata mama nilikuwa namsahihisha. Akisema, "Batoto iko na njaa," namjibu, "Watoto wana njaa, mama." Alikuwa anacheka. "We mwalimu bila masomo, kula kwanza." Watu wengi wamenichoka kwa tabia hiyo. Yeye hakunichoka.

Asubuhi hiyo nilifika mapema kwenye kiwanja cha ndege pamoja na mama mdogo na bamama wa kanisa, walioimba nyimbo za maombolezo polepole. Nilikuwa nimehangaikia kila kitu: kina cha kaburi, kamba za kushushia, msalaba, mikwaruzo kwenye jeneza. Mvua iliyonyesha usiku kucha sikuifikiria.

Ndege iligusa udongo, ikateleza, ikaendelea kuteleza. Gurudumu moja lilivunjika, ikazunguka na kuingia katika shamba la mihogo, bawa limelala chini. Kisha marubani wawili na mpakizi mmoja wakatokea kwenye dirisha la mbele, wakashuka, wakatembea kwa miguu yao. Kiwanja kizima kilishangilia. Bamama wetu nao wakabadilisha wimbo, wakaimba wa shukrani. Mzee nisiyemjua alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu ni mukubwa," alisema. "Hakuna mutu alikufa."

Nikamshukuru. Sikujua nitazame wapi.

Askari walituzuia kusogea. Mafuta yalikuwa yanavuja, mlango wa mizigo umekwama, na hakuna kitakachoguswa mpaka wakubwa wafike kutoka Uvira. Kwa njia ipi, hawakusema. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilitaka kueleza vizuri, nikapanga sentensi kichwani, "Maiti ya mama yangu imo miongoni mwa mizigo," na ilikuwa sentensi safi, lakini ilikataa kutoka. Kilichotoka kilikuwa Kiswahili chake.

"Mama iko ndani."

Wapakizi waliokuwa wakingojea kazi yao waligeuka. Mmoja, mwanamume mwenye mabega mapana, aliniuliza, "Mama yako?"

"Mama yangu. Iko ndani."

Katika Kiswahili chetu, iko haichagui. Mtu iko, gunia iko, mzima iko, marehemu iko. Walivua kandambili wakakimbia. Askari aliwafokea, kisha yeye mwenyewe akaegemeza bunduki yake kwenye mti na kwenda kusaidia. Waliuchokonoa mlango kwa nondo, wakaingiza vichwa gizani, nikawasikia wakiita, "Mama! Mama, jikaze, tunakuja!" Mafuta yalikuwa yanatiririka karibu na miguu yao. Ningeweza kuwasahihisha, mimi ninayesahihisha kila mtu. Nilinyamaza. Nilitaka waendelee kumwita.

Jeneza lilitoka likiwa mabegani mwao, jeupe kwa unga. Kelele zote zilikatika. Yule mwenye mabega mapana alikuwa amechanika kiganja, damu inadondoka. Alinitazama, nami nikangojea tusi, au kofi.

"Kumbe ni hivi," alisema. Kisha akawageukia wenzake. "Musimuweke chini, kuko matope."

Wakambeba hivyo mpaka kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo tulilokodi.

Tulimzika Lweba kabla jua halijatua. Lakini kilio chake kilikuwa kilio cha ndege. Kila aliyekuja kutupa pole aliketi, akauliza lile gurudumu lilivunjika vipi, na mama mdogo alisimulia upya. Nilikaa nimeegemea ukuta, nikiokota unga uliogandamana kwenye mishono ya koti langu. Nilitamani mtu mmoja aniulize mama alipenda kula nini.

Msalabani nilikuwa nimeandika: Hapa amelala mama yetu mpendwa. Herufi zilinyooka zote. Baada ya matanga nilizifuta kwa mafuta ya taa, nikaandika: MAMA IKO HAPA.

Juzi mwalimu mmoja aliyekuwa akipita kaburini alisimama, akasoma, akaniambia kwa upole kwamba pale pana kosa. Nikamwambia najua. Alingoja kidogo, labda alidhani nitachukua brashi. Kisha akaniaga akaenda zake, nami nikabaki pale, sina tena wa kumsahihisha.