Sauti Zangu Alizozifanya Moja

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo roho inanichoma, na ndiyo nataka nikusimulie kabla hujaenda kununua hiyo laptop kubwa kama ya mwenzio. Tangu asubuhi unanung'unika. Yako inaganda, yako inakwama ukifungua wimbo wenye vyombo vingi, na Rama wa Mbagala ana mashine yenye memori mara nne, ndiyo maana biti zake zinatoka haraka. Nimekusikia. Mimi nimekaa na studio nyumba moja tangu hujazaliwa, na wivu nimekaa nao nyumba hiyohiyo. Nisikilize kidogo, kisha ukanunue ukitaka.

Baba yako na mimi tulikuwa hatujatimiza hata mwaka wa ndoa. Tulipanga vyumba viwili Tandika. Kile cha mbele akakifanya studio: trei za mayai ukutani, godoro kuukuu limesimamishwa mlangoni kuzuia kelele za barabarani, maiki moja imefunikwa kwa kitambaa cha soksi yangu. Kompyuta ilikuwa ya mtumba, memori yake ndogo mno, hata hiyo simu yako inaishinda mbali. Baba yako alinielezaga hivi: vyakula kabatini vinaweza kuwa vingi, lakini jiko letu la mkaa ni moja, na huwezi kupandisha sufuria nne kwa mpigo. Kabati ni pale nyimbo zinapotunzwa. Memori ni jiko. Nilimwelewa vizuri tu, tatizo langu halikuwa kuelewa.

Tatizo langu lilikuwa Zuhura. Alikuwa msichana wa Kurasini, baba yake mpakuzi wa mizigo bandarini, na alikuja kurekodi wimbo wake wa mapenzi. Mtangazaji mmoja wa redio alishamwahidi kuupiga siku ya Ijumaa kama ungekuwa tayari. Mrefu, mweupe wa meno, anacheka kabla hujamaliza kusema. Siku ya kwanza tu akamwita baba yako Kaka Issa, mimi akaniita wifi. Wifi wa wapi? Mimi sikumbuki kuolewa kwao!

Kiitikio cha wimbo ule niliimba mimi. Ndiyo, mimi mama yako. Niliamka, nikafagia, nikasimama mbele ya maiki, nikaimba sauti ya chini, ya kati, ya juu, na nyingine nyembamba ya kupamba. Nilipomaliza baba yako akavua hedifoni, akasema, "Haya," nikarudi kwenye maharage yangu. Hakuongeza neno.

Kesho yake nikapita na chai, nikachungulia kioo cha kompyuta. Sauti za Zuhura zilikuwa zimepangwa juu hadi chini, mistari chungu nzima, zote baba yako amezipaka rangi ya waridi. Kila alichowahi kuimba kilikuwemo, hata alipokohoa. Nikauliza zangu ziko wapi. Akanionyesha mstari mmoja wa kijivu, chini kabisa.

"Zako nimeziunganisha zikawa moja," akasema, macho yake yakiwa kwenye kioo. "Zile zenyewe nimezitoa, zilikuwa zinakula memori."

Mwanangu, nilivimba. Zangu ndizo zinakula memori! Za yule binti hazili, zinalambalamba tu? Nikaweka kikombe kwa nguvu, chai ikamwagika, nikatoka. Tangu siku hiyo nikawa nakaa nyuma ya ukuta kila Zuhura alipokuja, sufuria mapajani kama nachambua mchele, kumbe nasikiliza. Nilihesabu kila mara baba yako aliposema "jaribu tena, taratibu." Mimi hakuwahi kuniambia taratibu kwa sauti ile.

Kilichonimaliza ni feni. Chumba cha nyuma kilikuwa joto la kupikia mkate, na tulikuwa tumekubaliana kununua feni. Siku hiyo akaenda Kariakoo, nami nikafagia na pembe ya kuiweka. Akarudi na kibao chembamba cha kijani chenye meno ya rangi ya dhahabu. Kipande cha memori cha kuongezea kwenye kompyuta! Wimbo wa Zuhura umekuwa mzito, akasema, ukifunguliwa unakwama. Akanipa tochi nimmulikie wakati anakichomeka. Nikammulikia, machozi yananilenga, na kwa kuwa nilikuwa namulika nikaona vizuri jinsi kinavyobanwa na jinsi kinavyoachiliwa.

Alhamisi adhuhuri alipokwenda msikitini, nikaizima kompyuta, nikafungua ubavu wake, nikakichomoa kipande kipya na kukifunga kwenye pindo la khanga. Kile cha zamani nikakiacha. Kompyuta iliporudi kuwashwa iliwaka kama kawaida, ila ikawa ileile ya zamani, dhaifu. Zuhura akaja, kesho ndiyo Ijumaa. Wimbo ukafunguka nusu, ukaganda. Baba yako akazima, akawasha, ukaganda tena. Nikamsikia akipiga meza. Nisikufiche, nilifurahi. Nilikuwa uani nasugua sufuria na nilikuwa naimba.

Kidogo Zuhura akatoka, akaja kukaa kwenye ndoo iliyofudikizwa karibu yangu. Analia.

"Wifi, mie naacha."

"Unaacha nini?"

"Muziki. Kesho ndo siku yenyewe, na sina hata mstari mmoja wa kueleweka." Akajifuta kwa mtandio. "We ulisimama pale asubuhi moja tu. Kaka Issa akaziunganisha sauti zako, akafunga, akaweka pembeni, basi. Mie kila nikija ni 'hii tuibakize, na hii tuibakize, labda tutaokota neno mojamoja.' Anaokoteza, wifi! Ndo maana kompyuta yenyewe inashindwa, imejaa makosa yangu. Nikiangalia ule mstari wako mmoja kule chini, nakuonea wivu mpaka naishiwa nguvu."

Nikabaki na steelwire ya kusugulia mkononi. Mimi nimekonda kwa kumwonea wivu yule, kumbe yeye anauonea wivu mstari wangu wa kijivu. Sikumwambia pole. Sikuweza. Niliinuka nikaingia studio, nikafungua pindo, nikaweka kile kipande juu ya kibodi.

Baba yako akakitazama, akanitazama. "Umekitoa wewe?"

"Mie."

"Kwa nini, Mwanaidi?"

"Kwa sababu zangu umezitupa, za kwake umezikumbatia."

Nilitegemea afoke, nami nilikuwa na maneno yangu tayari. Hakufoka. Akasema, "Kinachofungwa ni kilichokamilika. Zako zilitimia siku ileile, sikuwa na cha kugusa tena. Hizi za Zuhura naziacha wazi kwa sababu bado hazijanyooka. Mbona siku ile ulipomaliza kuimba nilimwita fundi cherehani wa jirani aje azisikilize? Nilimwambia hii korasi hata mjini hawana."

"Umemwambia fundi cherehani," nikasema. "Mimi je?"

Baba yako unamjua, maneno huyapati kwake kwa urahisi. Akasema, "Wewe sikukwambia." Basi. Na mimi nikasema kwamba hata mie ningeweza kuuliza kabla ya kufungua ubavu wa kompyuta ya watu. Hatukukumbatiana wala nini, kwa maana Zuhura alikuwa bado analia nje na Ijumaa ilikuwa haisubiri.

Nikavuta kigoda. Kipande kilikuwa bado juu ya kibodi, na baba yako akakinyanyua akirudishe. Nikamwambia aache kwanza. Hakuna mtu duniani aliyezisikiliza sauti za Zuhura kuliko mimi niliyekuwa nazichukia. Nilikuwa nazijua zote, moja baada ya nyingine. "Ubeti wa kwanza chukua aliouimba Jumanne, kabla hujaanza kumsahihisha. Wa pili ni ule aliokuja amechelewa, akaimba bila woga. Zilizobaki toa." Akaniangalia kama mgeni. Tukazifungua mojamoja, tukasikiliza, na ilikuwa kweli. Akaziunganisha zikawa mstari mmoja, akazihifadhi zile nyingine kabatini, akazitoa jikoni. Wimbo ukafunguka mwanzo mpaka mwisho kwenye kompyuta ile dhaifu, na kile kipande cha memori kiko mezani.

Nikamwambia, "Sasa mwite umwambie."

Akamwita. "Zuhura, basi. Imekamilika." Yule binti alimtazama kwa furaha kiasi kwamba, wallahi, wivu ulinirudia palepale, mzima kama ulivyokuwa. Sijakwambia kwamba uliniisha. Hadi leo wimbo ule ukipigwa redioni mimi nasikiliza kiitikio tu.

Basi mwanangu, kabla ya kuiangalia mashine ya Rama, kaiangalie yako. Funga kinanda ulichokwisha kukipiga, kifanye sauti moja, kitoe kwenye memori, ukihitaji utakirudisha. Toa zile sauti unazozibakiza kwa woga wa kuchagua. Ikishindwa hapo, nenda kanunue, sitakuzuia. Na huo wivu wako kwa Rama usiufiche kwenye pindo. Nenda kamuulize anafanyaje kazi. Huenda na yeye ana jambo analokuonea wivu na anaona aibu kulisema. Uliza kwa mdomo, mikono iache itulie.

Lakini hasa nakuomba hili. Mtu akikuimbia vizuri, akikupigia vizuri, akikupikia vizuri, usimalizie kimyakimya ukampa habari fundi cherehani. Mwambie yeye mwenyewe, siku hiyohiyo, kabla hajarudi kwenye maharage yake. Mungu akufungulie masikio yako na riziki yako, akupe kazi za kukamilisha na watu wa kukamilisha nao, na siku utakayoimba vizuri wewe, asikosekane mtu wa kukugeukia akakwambia. Amina.