Ushuhuda Wangu wa Benchi

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Daraja Mbili, maana huko imeshafika, na kila ikipita kwa muuza ndizi mwingine inaongezwa chumvi, hadi juzi nimeambiwa eti nilizimia kanisani. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa afadhali.

Mnanijua, mimi ni Bosire wa Nyaramba, yule mrefu (futi sita na inchi nane, na hapana, huku juu hakuna baridi, msiniulize tena), na kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa mpira wa kikapu wa kulipwa. Nimechezea klabu za nchi sita. Watu wa nyumbani wakisikia nchi sita wanapiga makofi, na mimi nimewaacha wapige, lakini ukweli wa kazi yetu ni kwamba mchezaji hodari hukaa klabu moja mpaka mashabiki wanaita watoto jina lake, na anayezunguka nchi sita ni yule ambaye mkataba ukiisha hakuna anayekimbia uwanja wa ndege kumzuia. Mimi ni mtu wa benchi. Nimekalia benchi la plastiki Misri, la mbao Romania, na Ureno nilikalia benchi lenye mto wa ngozi, hilo hadi leo nalikumbuka kwa mapenzi.

Sasa, sisi ni Wasabato. Kwetu Ijumaa jua likizama jembe limeshawekwa na chakula cha kesho kimeshapikwa. Mwaka wangu wa kwanza huko nje mama alinipigia simu, na badala ya kuniuliza kama nakula vizuri akaniuliza, "Bosire, na siku ya Sabato unacheza?" Ilikuwa Jumamosi jioni, nimetoka uwanjani saa hiyo hiyo, mechi nzima nimekaa bila kutoa hata tone la jasho, nikamjibu, "Hapana mama, Sabato sichezi." Si ni kweli sikuwa nimecheza? Nilijiona mjanja sana.

Kosa ni hilo tu, dogo hivyo. Mama akamwambia mzee wa kanisa, mzee akamwambia mchungaji, mchungaji akaniweka kwenye mahubiri, na kabla mwaka haujaisha mimi nilikuwa yule kijana aliyesimama mbele ya wazungu akawaambia Sabato ni ya Bwana. Mama akapewa darasa la akina mama afundishe, na somo lake lilikuwa mimi. Kila nikipiga simu nikijiambia leo namweleza, yeye ananitangulia kunishukuru vile nimemtoa aibu, basi nami nanyamaza, na nikishakata simu naendelea kula.

Lakini aliyeumia zaidi ni Momanyi, ndugu yangu anayenifuata. Alikuwa amepata kazi ya karani wa kupima majani chai, kazi ya maana, karibu na nyumbani, ila Jumamosi pia wanapima. Mama akamwambia, "Mwenzako anakataa huko Ulaya, wewe utashindwa na mizani?" Momanyi akaikataa ile kazi. Tangu siku hiyo ni mtu wa kupakia ndizi kuzipeleka Daraja Mbili, na aliniandikia ujumbe akisema, "Kaka, wewe ndiye umenipa nguvu." Niliusoma nikiwa kwenye benchi, na ilikuwa Sabato.

Mwaka huu nikaja likizo, na mzee Onchiri, huyo mzee wa kanisa, akanijia nyumbani na kofia mkononi akiomba nitoe ushuhuda Sabato mchana, kwenye kipindi cha vijana. Ningesema naumwa koo. Ningesema lolote. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia, ameshanunua na kitambaa kipya cha kichwa, nikasema, "Sawa mzee, nitakuja."

Nilipanga kusema maneno matatu nikae. Shida ni kwamba watu wakisema "Amina!" kwa sauti moja, ulimi unapata miguu. Nilianza na kushukuru, wakasema amina, nikaongeza kidogo, wakasema amina kubwa zaidi, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nawaeleza jinsi kocha wa Ureno alivyonishika mabega akaniambia, "Bosire, bila wewe kesho tumekwisha," na mimi nikamwambia, "Kocha, kesho ni Sabato." (Yule kocha, nawaambia ukweli, hadi naondoka alikuwa ananiita kwa jina la mchezaji mwingine.) Mama alikuwa anapangusa macho. Momanyi alikuwa amekaa wima, kifua mbele, kama ni yeye aliyeshikwa mabega.

Basi hapo ndipo akasimama mwalimu Kerubo, kiongozi wa vijana, msichana mwenye bidii mbaya sana, akasema ana zawadi kwa mgeni, amehangaika mtandaoni wiki nzima hadi akapata filamu ya Bosire akiwa Ureno. Wakafunga mapazia. Filamu ikaanza ukutani, na uwanja nikautambua, na ule mto wa ngozi nikautambua, na mtu aliyeukalia, taulo shingoni, chupa ya maji mkononi, alikuwa mimi. Nyuma yangu kulikuwa na bango refu lenye neno moja kubwa jekundu: SÁBADO.

Kireno hakuna anayekijua Nyaramba nzima, lakini hilo neno hata mtoto wa chekechea alilisoma.

Mzee Onchiri akainuka polepole. "Bosire, huyo ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Na hiyo ni Sabato?"

Hapo nilikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa zinaelekea shimoni. Nikubali kwamba nilicheza Sabato niwe mwasi, ama nijitetee. Nikajitetea. "Ni Sabato mzee, lakini sikucheza. Mwangalie, amekaa."

Tukaangalia wote. Filamu ilikuwa ndefu (huyo Kerubo, hata kukata hakukata), na kwa kweli yule mtu alikaa. Wenzake walikimbia, wakaanguka, wakafunga, wakakumbatiana, yeye akapiga makofi na kunywa maji. Mzee Onchiri, ambaye ni mtu wa haki, akaitikia kwa kichwa akasema kweli hajacheza. Nikaanza kupumua. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Na siku zile zingine?"

Jamani. Kanisa zima lilinigeukia.

"Siku zingine pia," nikasema, "nilikaa."

"Miaka yote?"

"Karibu yote."

Momanyi akasimama. "Kwa hivyo kazi ya majani chai niliikataa kwa sababu ya mtu amekalia mto?" Vijana wakaangua kicheko, mchungaji akajifunika uso na kitabu cha nyimbo, mabega yanamtikisika. Mama peke yake hakucheka. Alisema, wala hakupaza sauti, "Miaka tisa naomba Mungu akulindie magoti. Kumbe yamepumzika tu." Kisha akanionyesha nafasi. "Keti." Nikaketi, kazi ambayo angalau nina uzoefu nayo.

Mkifikiri aibu ilikuwa hiyo, bado. Mama alirudi nyumbani mbele yangu, hakutaka nimbebee hata Biblia, na jua lilipozama akampelekea mzee Onchiri daftari la darasa akamwambia atafute mwingine, somo lake limeharibika. Hapo ndipo niliumia. Akina mama walimrudishia daftari keshoye, wakamwambia somo hilo lililoharibika ndilo wanataka kusoma, lakini mimi nilikuwa nimeshaiona sura yake. Siku ya kuondoka nikamwambia, "Mama, kuanzia leo ukiniuliza nitakujibu yote, sitakupa nusu." Akasema, "Tutaona."

Nikarudi Romania, kwenye klabu ninayochezea sasa. Jumamosi ya tatu, wenzangu wawili wakateguka miguu, mmoja akatolewa kwa kuzidisha makosa, kocha akaangalia benchi kushoto, akaangalia kulia, hakuna mtu, akaninyooshea kidole. Miaka tisa ya Sabato nimekaa, anakuja kunikumbuka sasa! Na mimi, nawaambia bila kuficha, niliingia mbio.

Jioni nikapiga simu. "Mama, leo nilicheza. Dakika mbili."

Nyuma yake nikamsikia Momanyi, "Dakika mbili! Heri mimi ningekuwa napima majani!"

"Nyamaza wewe," mama akamwambia. Akavuta pumzi, akashusha sauti, kama anaogopa mzee Onchiri yuko nje ya dirisha. "Na ulifunga?"

"Mara moja, mama."

Nikasikia anavuta kiti anakaa. "Basi tubu," akasema, "halafu uniambie ilikuwaje."