Jivu la Kisimani

Mwezi uliopita nilipita Wingwi, huku kisiwani kwetu, nikakuta wamekata kilima kupitisha barabara. Kwenye ule ukuta wa udongo mwekundu umepita mstari wa kijivu, mnene kiasi cha kiganja. Nilimwomba dereva asimame, akadhani naumwa. Nikashuka, nikaukwangua kwa ukucha.

Nilikuwa na miaka tisa, ukame umetukaba, kijito tulichokuwa tukichota kimebaki tope. Baba alikuwa akichimba kisima nyuma ya nyumba. Alishafika pima saba bila tone. Kuta zilikuwa zikimeguka, na kila bonge lilipoanguka mama aliacha kupepeta mchele akasikiliza. Jirani aliyekuwa akivuta ndoo za kifusi akasema basi, shimo hili litageuka kaburi. Baba akapanda juu, akakaa ukingoni.

Mimi nilikuwa nachakura kifusi. Nikakuta unga wa kijivu unaokwaruza vidole. Nikausugulia sufuria lenye masizi, likang'aa. Unga ule niliujua. Kwa bibi, kule Shumba, tulisugulia vyombo unga uliotoka kisimani kwake, tukiuita jivu, na bibi hakuchoka kusimulia kwamba walipoupita, nusu pima tu chini yake, walikuta maji.

"Baba, hili ndilo jivu la Shumba. Maji hayako mbali."

"Wajua kweli weye?"

"Nalijua, baba."

Akajifunga kamba ya makumbi ya nazi kiunoni, akashuka.

Miaka mingi baadaye mwalimu wa jiografia alinieleza kwamba unga ule ni majivu ya mlima uliolipuka huko bara, zamani za kale. Yalianguka kila mahali kwa wakati mmoja, kisha yakafunikwa, kwa hiyo ukiyakuta huku na kule unajua matabaka yake ni ya umri mmoja. Siku ile nilijua masufuria tu.

Ndoo zikawa zinapanda kavu. Bonge likaanguka, tukamsikia baba akikohoa kule chini. Nilitaka kusema nimekosea, apande, lakini nikaendelea kuchakura kifusi. Nilikuwa na hofu ambayo sijaipata tena. Alasiri ikiadhiniwa, ikaja ndoo ya tope. Jirani akachovya kidole, akaonja.

"Tamu," akasema, na mama akakaa chini mchangani akalia.

Kisima kimeshafukiwa, mabomba yamefika, na vyombo vinasuguliwa kwa sabuni ya dukani. Wazazi wametangulia. Nimesomesha, nimelea, nimeshika vyeo, watu wameniita Bi Mkubwa. Lakini hajatokea mwingine wa kushuka shimoni kwa neno langu.